Mgahawa wa shamba la maziwa: wageni wa mchana wanakuja mara moja, hawarudi. Tatizo ni jikoni au kwenye jibini?

Kikamulio

Wakuu, habari za jioni. Naomba jicho la wazoefu.

Shamba liko nje kidogo ya mji wa Njombe, kandokando ya barabara ya Makambako–Songea. Ng'ombe wanaokamuliwa ni 9, maziwa lita 80 hadi 85 kwa siku. Jibini inatengenezwa hapo hapo, na Jumamosi na Jumapili kuna chakula cha mchana, sahani kama 30. Menyu: mozzarella (jibini laini ya Kitaliano inayovutwa kwenye maji ya moto) na nyanya na parachichi, jibini ya kukaanga na viazi, mkate na rikota (jibini laini inayopikwa kwa maji ya jibini, yaani majimaji yanayobaki maziwa yakishaganda), mtindi, aiskrimu.

Mgeni wa mara ya kwanza anasifu hewa na mandhari. Kurudi, harudi. Yanayolalamikiwa:

– Mozzarella haivutiki, inakatikakatika kwenye maji ya moto. Siku ikivutika inakuwa mpira.
– Jibini ya kukaanga inayeyuka na kugandia kikaangoni.
– Rikota ina chenga kama mchanga.

Juu ya hayo, lita 50 na zaidi za maji ya jibini zinaishia mtaroni. Tuanzie wapi?

FundiJibini

Mkuu, hizo mbili za kwanza ni sura mbili za jambo moja: uchachu. Inaelekea unatumia donge moja la maziwa kwa jibini zote mbili, sivyo? Haiwezekani.

Mozzarella inataka uchachu ndipo ivutike. Kalsiamu ndiyo inayoshikamanisha protini za maziwa. Uchachu unapopanda, sehemu ya kalsiamu inatoka, na protini zinapata nafasi ya kuteleza na kujipanga kama nyuzi. Kwa mozzarella ya chachu (vijidudu vya kuchachusha maziwa), kipimo cha uchachu ni pH 5.1 hadi 5.3; namba ikishuka, uchachu umepanda. Ikiwa juu ya hapo donge linakatika vipandevipande, ikishuka chini ya 4.9 linakuwa uji.

Jibini ya kukaanga ni kinyume kabisa. Haitakiwi kuchachuka. Kalsiamu ikibaki yote ndani, hata uiweke juu ya moto mkali itapata rangi ya kahawia nje, umbo halibadiliki. Ndivyo halloumi, jibini ya kukaanga ya Kupro, inavyofanya kazi. Kwa hiyo: sufuria mbili, maziwa mbalimbali, moja na chachu, nyingine bila.

Huna kipimo cha pH? Tumia maji ya moto. Kata kipande cha donge chenye ukubwa wa kidole gumba, kitumbukize kwenye maji ya 80–85°C kwa dakika moja, kitoe ukikunje na kukivuta. Kikifika urefu wa kiwiko bila kukatika, tena kinang'aa kama utepe wa hariri, donge limeiva. Kikikatika kikiwa na chembechembe, lisubiri dakika 20, jaribu tena. Usilazimishe kwa kuongeza moto.

Mpira unatokana na mikono. Ukilikanda donge kama unga wa chapati, au maji yakiwa ya moto kupita kiasi, mafuta yanatoka. Angalia beseni: maji yakigeuka meupe kama maziwa, mafuta yako yako humo. Kunja, vuta, kunja, vuta. Mara likilainika na kung'aa, viringisha uache.

Swali: maji ya kuvutia donge mnayaweka nyuzi ngapi, na chumvi ya kalsiamu mnatia?

Kikamulio

Ahsante sana mkuu. Maji tunaweka 82 kwa kipimajoto. Maziwa tunayapasha 63 kwa nusu saa. Kalsiamu hatutii. Kipimajoto tulikirekebisha wenyewe mwezi uliopita, kilikuwa kinasoma chini: kwenye maji yanayochemka kilionyesha 93, tukakisogeza hadi 100.

Mpimaji

Simama hapo hapo. Kipimajoto chako kilikuwa sahihi, ninyi ndio mmekiharibu.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko maji yanachemka kwenye 93°C hivi. 100 ni ya Tanga na Dar. Sasa kila unachosoma kimezidi kwa nyuzi 7: 82 yako ni 75, na donge ndani ya maji hayo huenda lisifikie joto la kuvutika. Sababu ya mozzarella kukatika inaweza kuwa hiyo tu.

Lakini mozzarella ni dogo. 63 yako ni 56. Maziwa hayajauawa vijidudu. Nusu saa kwenye 56 haitoshi kuua vijidudu vya brusela (ugonjwa wa mifugo unaoambukiza binadamu) wala vya kifua kikuu cha ng'ombe, na mtengenezaji wa jibini mbichi hana moto mwingine wa kumwokoa baadaye. Wikiendi hii usiuze kitu chochote kibichi mpaka urekebishe, na jibini iliyoko kwenye jokofu iliyotengenezwa tangu mwezi uliopita iondoe kwenye mauzo.

Namna ya kurekebisha popote ulipo: jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji safi ya baridi kidogo tu hadi yajae katikati ya vipande, koroga, ingiza kipimajoto bila kugusa glasi, subiri dakika 3. Kisome 0. Barafu haijali mwinuko. Rudia kila Jumatatu, andika kwenye daftari.

Na hiyo 63 kwa dakika 30 inahesabiwa kuanzia sufuria nzima ilipofika 63, si ulipowasha moto. Koroga muda wote, funika, na piga mvuke au maji ya moto kwenye povu la juu. Povu hubaki baridi.

Kikamulio

Dah. Nimefanya ya barafu sasa hivi, kinasoma 7. Nashukuru sana. Tunasimamisha.

FundiJibini

Mpimaji kanipita, nilikuwa naelekea kwenye reneti, dawa ya kugandisha maziwa. Basi nimalizie.

Kalsiamu tia, maana maziwa yaliyopashwa joto na kupoozwa hugandika kivivu. Gramu 2 za kloridi ya kalsiamu kwa lita 10, iyeyushe kwanza kwenye maji. Reneti ya maji ya nguvu ya kawaida ni mililita 2.5 hadi 3 kwa lita 10, ichanganye na maji yaliyochemshwa na kupoa. Ukitumia maji ya bomba yenye klorini unaiua reneti kabla haijafika kwenye maziwa, halafu unalaumu ng'ombe. Kama una wageni Waislamu, nunua reneti ya vijidudu badala ya ile ya tumbo la ndama, na uandike kwenye menyu. Mtu asiyejua jibini yako imegandishwa na nini haagizi mara ya pili.

Chachu ikigoma kabisa, donge likakaa saa sita bila kuchachuka, uliza zizini nani amechomwa sindano. Antibayotiki kidogo kwenye maziwa huua chachu. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele maziwa yake yasiingie sufuriani hata baada ya kupona, hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Aliyezaa, siku 5 za kwanza ni za ndama.

MamaRikota

Habari za usiku ndugu zangu. Mimi niseme ya rikota na ratiba, kwa sababu chakula cha mchana kinapotea asubuhi.

Chenga za mchanga zina sababu tatu: maji ya jibini yamelala yakachachuka, moto umezidi, au umekoroga wakati inapanda. Maji ya jibini yachukuliwe yakiwa bado matamu, saa hiyo hiyo yanapotoka kwenye donge. Ya mozzarella yaliyokaa na chachu hadi jioni hayatoi rikota ya maana, hayo peleka kwa nguruwe.

Fuata mpangilio huu wa Jumamosi. Maziwa ya saa 11 na nusu alfajiri, lita 24, pasha 63 (ya kweli!) dakika 30, poza hadi 33. Kalsiamu, reneti, bila chachu, dakika 40. Kata vipande vya sentimita moja na nusu, subiri dakika 5, pandisha polepole hadi 39 ndani ya dakika 20 ukikoroga. Toa donge, tia kwenye vyombo vya kuumbia vyenye matundu, kandamiza saa moja kwa uzito wa kilo 3 hivi kwa kila kilo ya donge.

Wakati donge linakandamizwa, gawa maji: lita 8 weka pembeni. Yaliyobaki ongeza lita moja na nusu ya maziwa, pandisha hadi 85–88. Koroga chini tu ili yasiungue, ukifika 80 acha mwiko. Mimina siki polepole, vijiko vya chakula 3 hadi 6 kwa lita 10, hadi uone mawingu meupe yanapanda na maji ya chini yanakuwa ya kijani-njano. Zima, funika dakika 10. Chota kwa upawa wenye matundu uweke kwenye kitambaa, usikamue. Nusu saa inatosha. Na kwa Njombe usisubiri ichemke, 93 ipo karibu sana na 88.

Zile lita 8 zisizo na siki ndizo za kupikia jibini ya kukaanga. Pasha hadi 90, tumbukiza vipande vilivyokandamizwa, dakika 40 hadi vielee. Toa, nyunyiza chumvi na mnanaa ukipenda, kunja katikati kikiwa cha moto. Kufikia saa 6 mchana una kilo 2 na ushei za jibini na rikota ya vuguvugu. Hiyo rikota ya vuguvugu, juu ya mkate, na asali ya misituni huko kwenu, ndiyo sahani ambayo hakuna hoteli ya mjini inayoweza kuiga. Kwa nini mnaipeleka mezani ikiwa baridi ya jokofu?

Mozzarella usiianze asubuhi ya Jumamosi, haitawahi. Ianze Ijumaa kwa lita 18, donge likikaribia kuiva jioni lichuje, funga, weka 4°C. Ubaridi unapunguza kasi ya chachu. Jumamosi saa 5 litoe lipate joto la chumba, fanya jaribio la FundiJibini, kisha livutwe saa 6 na nusu mbele ya wageni. Iliyotengenezwa isiwekwe kwenye maji matupu, ngozi yake itateleza kama sabuni. Tumia maji ya jibini yenye chumvi kidogo. Wala isiingie jokofuni kabla ya kuliwa.

Jikoni7

Hesabu ya MamaRikota inakaa vizuri: lita 24 + 18 + 1.5 za rikota + 8 za mtindi ni 51.5. Zinabaki kama 30 za jibini ngumu ya kuuza mlangoni, karibu kilo 3.

Upande wa kikaango: vipande vya sentimita moja, vikaushe kwa kitambaa, kikaango kikavu cha moto wa wastani, dakika 2 kila upande. Kaanga oda inapofika, si kabla. Ikikaa dakika 10 kwenye sahani inarudi kuwa kifutio. Viazi vya Njombe vichemshwe kwenye maji ya jibini badala ya kuyamwaga. Unga wa mkate pia ukande kwa maji hayo, ila yachemshe kwanza yapoe, na punguza moto wa oveni kidogo kwa kuwa sukari ya maziwa inaunguza ganda haraka. Yenye chumvi nguruwe wasipewe kabisa. Na mtaroni usiyaache yafike kijitoni. Yanamaliza hewa ya majini, samaki wanakufa.

Anayekanda mkate asiingie chumba cha jibini siku hiyo. Hamira ikifika kwenye donge jibini inavimba na kutoboka kama sifongo.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Menyu yako: mozzarella, rikota, mtindi, aiskrimu, zote kwa mlo mmoja. Watu wazima wengi wa huku kwetu tumbo haliimudu sukari ya maziwa ikija nyingi kwa mkupuo. Anaondoka amefurahi, akifika Makambako tumbo linanguruma, haji tena na hakwambii sababu. Jibini ngumu iliyokaa miezi karibu haina sukari hiyo. Mtindi wenye chachu hai unavumilika zaidi kuliko maziwa. Aiskrimu na rikota ndizo nzito. Weka maziwa kwenye sahani moja au mbili, zinazobaki ziwe mboga, maharage, kuku, parachichi. Tunda liwe la mwisho badala ya aiskrimu, anayetaka aiskrimu aiombe.

Kikamulio

Hilo la tumbo limenifungua macho. Swali la mwisho: wageni wa Songea na Dar wanaomba mozzarella ya kubeba. Tuwape?

Jikoni7

Wa Dar mkatalie, ni safari ya kutwa nzima. Muuzie jibini ngumu, kipande kizima chenye ganda, kwenye karatasi ya kaki badala ya nailoni ili kisitoe jasho. Wa Songea mpe tu kama ana kasha la barafu, ndani ya maji yake, na andika tarehe na saa kwenye mfuko.

Mpimaji

Na kabla ya kufungua tena, bandika pembeni ya sufuria: "Njombe maji huchemka 93". Kijana mpya wa zamu asije akakirekebisha tena.