Bibi yangu ni mkunga. Kwa nini wanamwita mchawi?

Zamzam_Arua
Salaam ndugu zangu. Bibi amezalisha wanawake wa mtaa wetu tangu mama yangu hajaolewa. Kifuko chake nakijua: wembe mpya ndani ya karatasi, uzi mweupe wa kufungia kitovu, kichupa cha mafuta ya simsim, na mizizi anayoitwanga mwenyewe. Babu alipofariki alibaki na kiwanja. Mwaka huohuo mtoto wa jirani akafa kwa surua, na mkunga akageuka mchawi. Vijana walimwaga mizizi yake barabarani. Wawili kati yao aliwapokea duniani kwa mikono yake. Naomba kujua, zamani nako mwanamke mwenye dawa aliitwa hivyo?

Mwalimu_wa_Kabale
Pole sana dada. Huku Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, roho ya Nyabingi ilikuwa na watumishi wake, abagirwa, wengi wao wanawake, na watu waliwapelekea ng'ombe na pombe. Mmoja wao, Muhumuza, aliwapiga vita Waingereza. Walimkamata 1911 wakamweka Kampala hadi alipofariki 1945. Mwaka 1912 ikaja sheria ya uchawi. Mkoloni aliwatia kapu moja mganga, mtumishi wa roho na mlozi.

Mzee_Bombo
Mkoloni tusimtwike yote. Mlozi aliogopwa kabla yake. Waganda wana omusawo wa kuponya na omulogo wa kudhuru, majina mawili tofauti. Hata sheria ya uchawi ya 1957 inasema wazi kwamba ibada ya mizimu na dawa za kienyeji, zikifanywa kwa nia njema, si uchawi. Ilikuwa na amri ya kumfukuza mtu kwao, lakini mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ilisema amri hiyo inavunja Katiba. Mjukuu wangu, nenda na hilo kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Halafu niambie, kile kiwanja nani anakitaka?

Zamzam_Arua
Shikamoo mzee. Shemeji yake bibi. Ameshapanda mihogo mpaka karibu na choo chetu, na ndiye aliyetangulia kulitamka lile neno, matangani.
Jana saa nane usiku wamekuja kugonga mlango wa nyuma, mke wa mmoja wa wale vijana ameshikwa na uchungu. Nilimwambia bibi asitoke. Aliniuliza tu wembe mpya nimeuweka wapi.