Wanene watangulie kwenye chanjo, au ni kuwadhalilisha tu?

MTOA MADA: Wadau habari za saa hizi. Kwetu mtu akirudi na kitambi tunamwambia umenawiri, mjini kumekukubali, akirudi kakonda minong'ono inaanza. Na sio ujinga, miaka ya themanini kule Rakai na Kagera watu wamezika ndugu waliobaki mifupa, ule ugonjwa ambao Waganda waliuita Slim, yaani Ukimwi, sasa mzazi aliyeyaona yale utamwambiaje kwamba mnene sio mzima? Shida ni kwamba virusi vya kifua havijui hiyo historia. Mafua ya nguruwe ya 2009 ndo yaliwashtua madaktari, wanene walikuwa wengi mno ICU, wodi ya mahututi, wengine vijana kabisa, halafu corona ikaja na mambo yaleyale mpaka Boris Johnson waziri mkuu wa Uingereza akalazwa ICU Aprili 2020 na baadaye akakiri mwenyewe kwamba unene wake ulikuwa umezidi.

Mimi niliyaona 2021 kwa shangazi, kilo 108. Manesi walitaka alale kifudifudi mapafu yapate nafasi, tumbo likakataa, akilala chali ndo pumzi inakata kabisa maana mafuta ya tumboni yanasukuma juu kiwambo, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, na mapafu yanabanwa huko chini. Siku nne kakaa wima kaegemea mito, oksijeni puani, usingizi wa kuibia. Alipona, Mungu mkubwa. Daktari alituambia mafuta yenyewe hayatulii, yanachokoza kinga ya mwili muda wote, nikaona ni kama mlinzi aliyepiga filimbi usiku kucha bila mwizi, mwizi akija kweli yeye hoi. Kwahiyo hoja yangu, chanjo za corona na mafua zikija chache, wanene waitwe mapema. Uingereza wenye BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ya 40 na zaidi waliwekwa kundi la sita kwenye foleni ya chanjo ya corona, sisi tunaona aibu ya nini?

MCHANGIAJI WA KWANZA: Aibu ya nini? Mke wangu alipimwa uzito kliniki nesi akaita kwa sauti "mia na mbili!" benchi zima likageuka kumtazama, hajarudi tena mpaka leo. Sasa huyo ndo asimame foleni ya wanene? Halafu mkuu usituchanganye, huku kwetu machimboni TB inaondoka na wembamba, vitambi wanabaki wanazika. Na shangazi yako bila shaka alikuwa na sukari na presha, usisingizie mwili.

MTOA MADA: Presha alikuwa nayo, sukari hana. Na hata ukiviweka pembeni hivyo viwili, unene peke yake unaongeza hatari, hasa kwa walio chini ya miaka 65. Ya TB nakubali, mwembamba anaugua kirahisi zaidi, ila unene ndo mlango wa sukari, na mwenye sukari hatari yake ya TB ni kama mara tatu, kwahiyo huyo kitambi wa machimboni asitambe sana.

MCHANGIAJI WA PILI: Mimi nachoma chanjo, ngoja niwaambie kitu. Mnagombania foleni wakati sindano yenyewe haifiki. Ile ya inchi moja kwa mama wa zaidi ya kilo 90 inaishia kwenye mafuta, inatakiwa inchi moja na nusu ndo uguse msuli, na chanjo ya homa ya ini B tunajua kabisa ikiishia kwenye mafuta haishiki vizuri. Sasa fungua boksi la vituo vyetu uone umeletewa saizi ngapi. Moja! Na kile kitambaa cha kupimia presha nacho mkono mnene hakizunguki, unalazimisha kinafyatuka, mgonjwa anacheka kwa aibu na wewe unaandika namba ya kukisia.

MTOA MADA: Duh hili la sindano sikuwahi kuliwaza. Basi narekebisha hoja, foleni ya wanene tuifute, wanaokuja kliniki ya sukari na presha wachanjwe humohumo siku yao, na sindano ndefu ziwepo. Hakuna wa kuitwa kwa sauti.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Hapo sawa. Ila mke wangu hana sukari wala presha, ni mnene tu na kliniki kashaisusa. Huyo mtamfuata wapi?