Makarani na mihuri ya Japani ya kale

Swali (Tabora): Wanajukwaa, ninafanya kazi ya masijala, na jioni vidole vyangu hubaki na zambarau ya mhuri. Naomba kufahamishwa makarani wa Japani ya kale waliandikia nini, na walipokosea walifutaje.

Jibu: Ndugu karani, walitumia brashi ya manyoya na wino wa masizi na gundi, uliokaushwa ukawa kipande kigumu cha kusuguliwa juu ya jiwe lenye maji kidogo. Karatasi ilikuwa ghali, hivyo mengi ya kila siku yaliandikwa kwenye vibao vyembamba, ambavyo vimefukuliwa kwa maelfu huko Nara, mji mkuu wa kale wa Japani, tangu mwaka 1961. Kifutio chao kilikuwa kisu: karani alikwangua uso wa kibao kama fundi wa hapo Tabora anavyopiga randa mninga, kisha akaandika upya, na maranda yenye herufi yameokotwa hadi leo.

Jibu (Kigoma): Niongeze habari ya mihuri, maana ndiyo inayonivutia zaidi. Chini ya sheria za Taiho, yaani mkusanyiko wa sheria za dola ya Japani wa mwaka 701, mhuri wa mfalme ulikuwa mraba wa karibu sentimita 9, na ule wa jimbo ulikuwa mdogo zaidi. Mhuri uligongwa kwa rangi nyekundu juu ya maandishi yenyewe, mara nyingi ukurasa mzima, ili mtu asiweze kubadili tarakimu hata moja.

Mwuliza swali: Ahsanteni sana, wakubwa. Sisi huugonga penye sahihi tu, nazo tarakimu tunaziacha wazi.