Uzio wa mizinga ya nyuki: tembo wanapita na mizinga mingi ni mitupu. Turekebishe nini?

Kikundi_Bondeni

Wakuu, salaam. Mashamba ya kikundi chetu yako bonde la Kilombero, yanapakana na Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Ni mahindi, mpunga na migomba kidogo. Tulijenga uzio wa mizinga (mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa na kuunganishwa kwa waya, ili nyuki wawafukuze tembo) upande unaotazama msitu: mita 240, mizinga 12 ya kweli na bandia 12, kila baada ya mita 10 kimoja. Bandia ni vipande vya plaiwudi vilivyopakwa rangi ya njano. Waya umenyooshwa kutoka nguzo hadi nguzo na kupigiliwa misumari ya U.

Kati ya mizinga 12, minne tu ina nyuki. Mahindi yalipoanza kubeba, tembo waliingia kwa kuzunguka mwisho wa uzio. Safari nyingine wamekata waya katikati, palipo na mizinga mitupu. Mimi si mtaalamu wa nyuki. Naomba kujua: kosa liko kwenye ujenzi au kwenye nyuki? Na je, tufunge pande zote, au tuongeze kamba zilizopakwa pilipili?

Fundi_Uzio

Mkuu, anzeni na waya, maana ukiwa umepigiliwa kwenye nguzo hata mizinga yote ikijaa nyuki uzio hautafanya kazi. Tembo anausukuma kwa kifua, nguzo inatikisika kidogo, mzinga umetulia tuli na nyuki hawana habari. Waya wa kuunganisha hushikwa na mzinga wenyewe, kwenye waya unaouning'iniza, na hauguswi na msumari wa nguzo popote. Tembo akisukuma katikati, mizinga ya pande zote mbili inabembea na nyuki wanatoka.

Kila mzinga una nguzo zake mbili, mita 3 kati yake, kisha mita 7 hadi nguzo ya mzinga unaofuata. Hapo ndipo mita 10 zinapotoka. Nguzo iwe na urefu wa mita 2.7 hivi, sentimita 60 zizikwe na udongo ushindiliwe kwa tabaka, si kumwagwa wote kwa pamoja. Sehemu inayozikwa ipakwe oili chafu kwa ajili ya mchwa. Mkipata miti inayochipua ikichomekwa, tumieni hiyo: hailiwi na mchwa na inaleta kivuli. Mzinga uning'inie usawa wa kifua cha mtu, ili kuukagua kusihitaji ngazi. Waya uwe laini, usio na miba, ulegee kidogo. Ukikazwa kama uzi wa gitaa unakatika, na ukilegea sana tembo anauvuka.

Jaribio ni rahisi. Kabla nyuki hawajaingia, shika waya katikati ya mita zile 7 na usukume. Mzinga wa kushoto na wa kulia isipobembea yote miwili, fungua ufunge upya.

Sasa hesabu ya mapengo. Kwa kuwa bandia zinapishana na mizinga, mizinga ya kweli iko mita 20 mmoja hadi mwingine. Miwili inayofuatana ikiwa mitupu, tayari kuna mita 60 zisizo na nyuki hata mmoja. Bandia inasaidia kwa sababu tembo amekwisha kuumwa na nyuki wa jirani yake. Tembo ambaye hajawahi kuumwa pale hana sababu ya kuogopa plaiwudi. Nadhani hapo ndipo walipokata.

Onyo moja: msihamishe mzinga wenye nyuki mita 40 kando ili kuziba pengo. Nyuki waliokwenda malishoni watarudi mahali pa zamani, watapotea, na kundi litadhoofika. Jazeni pengo kwa makundi mapya.

Mama_Asali

Fundi amesema ya waya, mimi niseme ya nyuki, kwa sababu mizinga minne yenye nyuki kati ya 12 ni dalili ya mizinga isiyowavutia. Msitu wa Udzungwa uko mlangoni, nyuki wapo.

Fungueni mizinga mitupu mtazame ndani. Mkikuta utando na vinyesi vyeusi vya nondo wa nta, kwangueni vyote na mchome. Mkikuta njia za sisimizi au mchwa, nyuki walikuja kuchungulia wakaondoka. Fyekeni nyasi chini ya kila mzinga na mpake grisi kwenye nyaya za kuning'iniza, upana wa vidole viwili. Grisi ikishika vumbi inageuka daraja la siafu, kwa hiyo futeni na kupaka upya. Jani moja likiegemea mzinga linatosha kuwapitisha.

Pimeni viunzi vya juu vinavyobeba masega. Kwa nyuki wetu wa Afrika upana ni milimita 32. Vikiwa vipana zaidi, masega huvuka kutoka kiunzi kimoja hadi kingine, na siku ya kukagua mtavunja kila kitu na nyuki watahama. Katikati ya kiunzi, kwa urefu, mwageni mstari mwembamba wa nta safi iliyoyeyushwa. Kuta za ndani zisuguliwe nta na mchaichai. Harufu ya mchaichai inafanana na ile ambayo nyuki hutoa kuitana nyumbani. Msipake rangi ndani.

Paa la bati tupu juani ni tanuri. Wekeni paa la nyasi juu ya bati, au tengenezeni kipaa chenye nafasi ya hewa katikati. Kwa mvua za huko, mzinga uelemee mbele kidogo upande wa tundu ili maji yatoke. Kifuniko kifungwe kwa waya, maana nyegere hahitaji nafasi kubwa kuingiza kucha.

Kwa kujaza haraka, msingoje nyuki waje kwenye uzio. Tengenezeni masanduku madogo ya kukamatia, viunzi vyake viwe na urefu sawa na vya mizinga. Yatundikeni juu ya miti kando ya msitu, mita 4 au 5 kutoka chini, kipindi miti inapochanua. Kundi likishajenga masega kadhaa, lihamishieni kwenye uzio usiku, tundu likiwa limezibwa kwa nyasi. Mahali pa sanduku pawe zaidi ya kilomita 3 kutoka kwenye uzio, la sivyo yatatokea yale aliyosema Fundi.

Na wakati wa kurina, acheni asali ya kuwatosha. Kundi lenye njaa linahama, na mzinga uliohamwa ni pengo kwenye ukuta. Kiangazi kikikaza, wawekeeni maji kwenye beseni lenye mawe ya kutua, na sharubati ya sukari na maji kwa kipimo sawa.

Kikundi_Bondeni

Shukrani sana. Kwa hiyo misumari ya U inatoka yote. Bado swali la kufunga pande zote na la pilipili. Masika kamba za pilipili zinafaa kweli? Na tutarajie nini, uzio ukikaa sawa?

Mlinzi_wa_Ushoroba

Kwa matarajio, mfano mzuri ni Sagalla, pembeni ya Tsavo Mashariki nchini Kenya, ambako mtafiti Lucy King na wenzake wa shirika la Save the Elephants wamefuatilia uzio huu kwa miaka mingi. Takribani robo tatu ya tembo waliofika kwenye mashamba yale walirudishwa. Robo waliingia. Baada ya ukame wa 2017, mizinga yenye nyuki ilipungua sana na ulinzi ukapungua nayo. Kwa hiyo mwenye kuuza uzio huu kama kinga kamili anawadanganya wakulima, na mkulima aliyedanganywa msimu wa kwanza hatakagua mzinga msimu wa pili.

Kufunga: zungusheni vitalu vya mashamba, msifunge upande mzima wa kijiji. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 254 hivi, sawa na vituo 25, nusu vikiwa bandia. Mashamba manne yaliyoungana yakizungushiwa pamoja ni vituo 51, nusu ya gharama ya kuzungushia kila moja peke yake. Kati ya kitalu na kitalu acheni njia wanayoitumia tembo siku zote. Bonde lenu liko kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na tayari reli ya TAZARA na barabara ya Kidatu kwenda Ifakara zimekatiza hapo. Mkiziba pote, tembo hawaachi kuja. Wanahamia kwa jirani asiye na mzinga, au wanabomoa. Kabla ya kuchimba shimo lolote, asubuhi baada ya uvamizi tembeeni kwenye mpaka wa mashamba, mweke alama kila penye nyayo na mavi. Mtaona wanarudia njia zilezile.

Pilipili inafaa, lakini si karibu na mizinga. Moshi huwatuliza nyuki, ndiyo maana mrina asali anautumia. Mkichoma tofali za mavi na pilipili chini ya uzio, mmewalaza askari wenu. Tumieni pilipili kwenye ncha zilizo wazi, mbali na nyuki, kwa kufuata upepo uelekee msituni. Kiasi cha pilipili kiwe kile ambacho mtu hawezi kusimama ndani ya moshi wake. Kamba ya katani iliyopakwa oili chafu na unga wa pilipili husafishwa na mvua, basi masika mpake upya kila baada ya mvua kubwa. Vaeni glavu na miwani, na msiioshee mikono mferejini kwenye mpunga.

Usiku wa mahindi mabichi na mpunga unaojaza punje, dungu liwe na watu. Nyuki hawaruki hovyo gizani wala kwenye baridi na mvua, hutoka mzinga ukitikiswa, na madume wa peke yao ndio wabishi zaidi. Tochi kali, honi na kelele za pamoja, watu wakiwa kundi. Vijiti vya moto na misumari marufuku: tembo aliyejeruhiwa atamuua mtu asiyehusika wiki ijayo.

Pembezoni kabisa, upande wa msitu, pandeni alizeti, ufuta au pilipili badala ya mahindi. Tembo hawavipendi sana, na alizeti na ufuta ni malisho ya nyuki wa Mama Asali.

Uharibifu ukitokea, mpigie mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya siku hiyohiyo. Msiondoe mabua wala kulima upya kabla ya eneo kupimwa na kupigwa picha, kwa sababu kifuta jasho (fedha za serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori) hutegemea tathmini hiyo.

Mama_Asali

Naongeza moja kuhusu palizi: mtakapokuwa mnalima mita chache kutoka kwenye mizinga, fanyeni hivyo alfajiri au jioni, msigonge waya kwa jembe. Na mavazi ya kinga yawekwe kwa mtu anayekaa karibu na shamba.