Ameitia katriji yangu mdomoni mwake mbele ya foleni nzima, kisha akanirudishia

Binti_Msambweni (mwenye uzi)

Wanajamvi wa mji wa Reading na Uingereza kwa jumla, salaam. Ninaandika nikiwa bado kituo cha basi na mikono inanitetemeka kwa hasira. Simtaji mtu jina, wala sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kila Mswahili wa mji huu anayevuta sigara ya kielektroniki anamfahamu: ni yule bwana mwenye duka la taa za zambarau, ambaye huzungumza na wateja huku macho yakiwa kwenye simu, na ambaye amekwisha kujitangaza katika kila harusi na kila msiba kwamba Ulaya nzima hakuna anayezijua koili, zile nyaya zinazopasha moto kimiminika cha sigara hizi, kumshinda yeye.

Mtu huyo leo ameitia mdomoni mwake katriji yangu, yaani kile kitangi cha juisi ya kuvuta chenye kipande cha mdomo kwa juu.

Wiki iliyopita nilinunua kwake katriji mpya, ile tupu ya kujaza mwenyewe, ya mililita 2 kama sheria ya hapa inavyotaka, yenye koili ya ohmu 0.8 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Niliijaza kama inavyojazwa na watu wenye akili timamu. Nilifungua kizibo cha mpira kilicho ubavuni, nikaingiza ncha ya chupa, nikaminya tone baada ya tone, nikaacha nafasi ndogo ya hewa kwa juu, nikafunga, kisha nikaisimamisha mezani kwa dakika 10 ili pamba inayoizunguka koili inywe juisi vizuri, maana koili ikiwashwa pamba ikiwa kavu huungua papo hapo, na ile ladha ya kitambaa kilichoungua haiondoki tena hata ubadilishe juisi ya ladha gani. Baada ya hapo nilivuta taratibu, bila pupa.

Asubuhi niliikuta imevuja yote. Juisi ilikuwa imejaa kwenye kitako cha betri, pini zote mbili zimezama, koti langu jipya lina doa linalonuka embe na barafu, na vidole vinanata nikalazimika kuvisugua kwa sabuni, kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi na si kitu cha kuchezea. Nilipoimulika katriji kwa tochi ya simu niliuona ufa kwenye kizibo, upande wa ndani, pale mpira unapoungana na plastiki. Ufa ule ulitoka kiwandani. Mtoto wa chekechea angeuona. Kipofu angeupapasa akaujua.

Basi nikaenda dukani nikiwa na katriji, risiti na adabu zangu zote. Nilimsalimu, nikamweleza, nikamwonyesha ufa. Bila hata kuutazama akaniambia kwa sauti ya kusikiwa na foleni yote: "Dada yangu, vitu vinavyoingia mdomoni havirudishwi. Ni suala la usafi."

Naomba muishike kauli hiyo. Suala la usafi.

Kisha, kwa mdomo uleule uliotamka neno usafi, aliichukua katriji yangu, akaipangusa kwa pindo la fulana yake, akaichomeka kwenye betri yake mwenyewe iliyokuwa kaunta, akaitia mdomoni na kuivuta. Aliivuta kwa kituo, macho ameyafumba, mashavu yameingia ndani, na moshi alioutoa baadaye ungetosha kufukiza nguo za maharusi kumi. Akaichomoa, akanirudishia mkononi ikiwa ina unyevu, akasema: "Mbona inatoa moshi vizuri? Katriji ni nzima. Tatizo ni mvutaji."

Foleni ikacheka. Kuna mama mmoja wa makamo niliyemwamkia wakati ninaingia, naye akacheka.

Nilimweleza kwamba Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inanipa siku 30 za kukirudisha kitu chenye kasoro na kurejeshewa fedha zangu. Akajibu kwamba sheria hiyo ni ya majokofu. Nikamwomba basi azipokee zile katriji zangu zilizokwisha nilizozikusanya kwenye kopo, kwa sababu kila duka linalouza sigara hizi lina wajibu wa kupokea zilizotumika pamoja na vipande vyake. Akanionyesha pipa la barabarani.

Yote hayo ningeyameza. Fedha zenyewe si nyingi. Lakini mtu mzima, aliyetoka kunihubiria usafi, anaitia mdomoni mwake katriji ambayo mimi nimekwisha kuivutia, mbele ya watu, kisha ananikabidhi na mate yake kama zawadi! Hakuomba ruhusa. Hakubadilisha hata kile kipande cha juu cha mdomo, ambacho huchomoka na ambavyo anavyo vingi kwenye bakuli pale pale kaunta. Aliitia mdomoni, akaivuta, akanirudishia. Hiyo ni haki?

MwanaMzizima

Pole sana dada. Mtu huyo tunamfahamu na amekwisha kutuumiza wengi. Mimi nilimpelekea kifaa changu anibadilishie koili, akaibadilisha kwa vidole vilivyokuwa vinatoka kwenye paja la kuku, na mafuta yake niliyaona kwenye kioo cha tangi. Tena aliniwekea koili ya ohmu 0.3, ilhali alijua kwamba juisi yangu ni ya chumvi ya nikotini ya miligramu 20 kwa mililita, ambayo ni ya koili za ohmu 0.8 kwenda juu. Koili ya ohmu chache hutoa mvuke mwingi, na mvuke mwingi wa juisi kali namna ile ni nikotini nyingi kwa mkupuo mmoja. Nilivuta mara moja tu, nikakaa kwenye ngazi za benki nimeshika kichwa, wapita njia wakiniuliza kama niitiwe gari la wagonjwa. Nilipomrudia akasema nilikuwa na njaa.

Mkaa_Pembeni

Nimeusoma uzi wote kwa makini nikitafuta jambo moja ambalo hukulisema. Alipokurudishia hiyo katriji, uliivuta tena au hukuivuta?

Binti_Msambweni

Swali hilo ni la kunidhalilisha na sitalijibu kwa namna ulivyoliuliza. Katriji imo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na itabaki humo kama ushahidi.

Mkaa_Pembeni

Kwa hiyo hivi sasa unatembea mjini na mate ya yule bwana kwenye mkoba. Dada, mkewe akisikia utaeleza nini?

Bi_Kiembesamaki

Wanangu, hayo ya mate ni madogo. Kinachoniumiza mimi ni ujanja uliozuka tangu sigara za kielektroniki za kutupa zipigwe marufuku hapa tarehe 1 Juni 2025. Tuliambiwa kwamba sasa kila kifaa lazima kiweze kuchajiwa, tena kiweze kujazwa au kubadilishwa katriji, na kwamba katriji za kubadilishia ziuzwe peke yake. Nilifurahi, maana nilikuwa nachoka kuona vile vibomba vya rangi vimetupwa hadi kwenye bustani ya watoto. Kumbe wenye viwanda wamechukua kibomba kilekile, wamekitoboa tundu la chaji chini, wamekitia katriji ya kuchomoa juu, na kazi imekwisha. Nenda dukani leo ukaulize katriji za kubadilishia. Utaambiwa zimekwisha, zinakuja wiki ijayo, afadhali uchukue kifaa kizima kwa kuwa bei hazipishani. Nina droo imejaa betri nzima kabisa zisizo na katriji, na sina moyo wa kuzitupa kwa sababu zina lithiamu, zikipondwa ndani ya gari la taka zinawaka moto. Huyo wa mate angalau alikuuzia katriji.

Binti_Msambweni

Bi mkubwa, shikamoo. Ninakuheshimu, lakini aliniuzia katriji yenye ufa, kisha akaitia mdomoni.

Fundi_Koili

Naomba niseme ukweli ambao hautapendwa. Katriji nyingi zinazorudishwa kwa kuvuja hazina kasoro yoyote. Watu wanazijaza hadi juu kabisa bila kuacha hewa, au wanavuta kwa nguvu kama wanavuta jahazi nchi kavu, juisi inaingia kwenye bomba la kati na kutokea chini. Wengine wanaziacha kwenye gari juani, juisi inakuwa nyepesi na kupita kwenye pamba. Wengine wanapanda nazo ndege zikiwa zimejaa, hewa iliyomo inatanuka na kuisukuma juisi nje. Halafu kuna suala la mchanganyiko, ambalo wateja wengi hawataki kulisikia. Katriji ndogo inataka juisi ya nusu kwa nusu, yaani vile vimiminika viwili vya msingi vya juisi, propilini glaikoli asilimia 50 na gliserini ya mboga asilimia 50. Ukiitia ile nzito yenye gliserini asilimia 70, pamba haiwahi kunywa, inaungua. Ukichukua ile nyepesi ukaitia kwenye koili kubwa yenye matundu mapana, inavuja usiku kucha. Dada hajatuambia alitumia juisi ya namna gani.

Binti_Msambweni

Nilitumia ya nusu kwa nusu, chupa ya mililita 10, imeandikwa ubavuni. Katriji ilikuwa mezani, haikuwa ndegeni wala juani, na huu ni mji ambao jua lenyewe tunalisikia kwenye taarifa ya habari. Fundi, kizibo kimechanika. Nimesema kizibo kimechanika. Na hata kama nisingekuwa ninajua kujaza, hata kama ningeijaza uji wa mtama, ni kifungu gani cha ufundi kinachomruhusu muuzaji kuitia mdomoni mwake na kunirudishia? Kifaa cha kupimia ohmu kilikuwa nyuma yake kwenye rafu. Kuugundua ufa kunahitaji macho mawili na tochi, hakuhitaji ulimi.

Fundi_Koili

Kwa hilo nakuunga mkono. Katriji ya mteja haivutwi. Unaipima ohmu, unaikagua pete ya mpira na kizibo, unazipangusa pini kwa kitambaa kikavu, na ukitaka kujua kama inavuja unaisimamisha juu ya karatasi nyeupe kwa robo saa. Doa likitokea, imevuja. Ila bado nasema mashavu kuingia ndani si dalili nzuri. Inaonyesha njia ya hewa ilikuwa imeziba.

Jirani_wa_Kampala

Nyinyi mnagombana kwa katriji moja. Huku Uganda sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 imepiga marufuku kuingiza na kuuza vifaa hivi moja kwa moja, kwa hiyo hakuna duka la kwenda kupandisha hasira. Rafiki yangu aliyerudi kutoka ng'ambo na kifaa chake alikuwa na katriji moja tu. Aliitumia mpaka juisi ikawa rangi ya kahawa na pamba nyeusi tii, kila akivuta anakohoa hadi majirani wanampa pole. Akaifungua kwa kisu cha mezani ili abadilishe pamba kwa ile ya kufutia vipodozi, waya wa koili ukakatika, na huo ukawa mwisho wa kuvuta. Mkewe alimshukuru Mungu kwa siku nyingi.

Mkaa_Pembeni

Huyo mke ndiye mtu pekee mwenye busara katika uzi huu.

Pwani_Moja

Hayo ya katriji mtayasahau yote ukifika ushuru mpya. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026 serikali ya hapa inatoza pauni 2.20 kwa kila mililita 10 za juisi, iwe na nikotini au isiwe nayo, na juu ya hapo kuna kodi ya ongezeko la thamani. Sisi tunaojaza wenyewe ndio tunaopigwa, kwa sababu tulihamia kwenye chupa ili tubane matumizi. Nimemwuliza mtu wa ofisi ya ushauri kwa nini juisi isiyo na nikotini nayo itozwe, hakuwa na jibu.

MwanaMzizima

Sababu ni kwamba watu wangenunua isiyo na nikotini kisha wakaongeza nikotini wenyewe. Hilo liko wazi.

Pwani_Moja

Haliko wazi hata kidogo. Kwa nini mimi ninayevuta ladha tupu nilipie ujanja wa wengine? Mnatetea kodi kama mnalipwa.

Bi_Kiembesamaki

Mnayavuta maji matamu yasiyo na chochote, halafu mnalia kodi. Vijana wa leo mna nafasi.

Binti_Msambweni

Naomba turudi kwenye mada. Hakuna aliyeniambia ni ofisi gani ninayopaswa kumshtakia mtu aliyeitia katriji yangu mdomoni. Ninataka kuandika leo leo.

Pwani_Moja

Andika kwa idara ya viwango vya biashara ya halmashauri yako, na uambatanishe picha ya ufa pamoja na risiti. Sasa MwanaMzizima, umesema hilo liko wazi. Hebu nieleze, anayechanganya juisi nyumbani kwa matumizi yake tu naye atatozwa kwa utaratibu gani?

MwanaMzizima

Nadhani ukinunua malighafi utatozwa kwenye malighafi. Soma masharti.

Pwani_Moja

Nimeyasoma. Gliserini tupu ya kupikia keki nayo ni malighafi?

Mgeni_Slough

Samahanini kwa kuingilia. Ninatafuta katriji za muundo wa zamani, zile zenye sumaku mbili na tundu la kujazia chini, maana walipotoa toleo jipya walibadilisha upana na hizi za sasa haziingii kwenye betri yangu. Kuna mwenye nazo?

Fundi_Koili

Nina pakiti mbili ambazo hazijafunguliwa, za ohmu 1.0. Njoo na betri yako tuijaribishe kwanza kabla ya kulipa, kwa sababu kulikuwa na matoleo mawili yanayofanana na moja lina sumaku upande wa kushoto.

Mgeni_Slough

Yangu ni ya kushoto. Nitakuja Jumamosi baada ya saa sita.