Nyundo ya shotgani ya marehemu babu

Wakuu, habari za jioni. Babu alituachia shotgani ya mitutu miwili, nyundo za nje, ubavuni imeandikwa W. W. Greener, jina la mtengenezaji bunduki wa Uingereza. Alikuwa akifukuzia nguruwe pori shambani, Mufindi. Leseni imeshahamia kwangu. Nyundo ya kushoto imevunjika mdomo, springi imelegea, ukiivuta haikamati. Sitaki iwe pambo la ukutani, naipenda mno. Vipuri napata wapi?

FundiMzee: Mjukuu wangu, cha kuchomeka tu hutapata. Hizo zilisuguliwa kwa tupa, kila moja na vipimo vyake. Hata nyundo ya Greener nyingine itataka kusuguliwa upya. Mpe fundi bunduki mwenye leseni achonge mpya kwa kufuata ile ya kulia. Springi vilevile: atakunja chuma cha springi na kukichovya mafuta. Usikubali achomelee kienyeji.

Mama Ruaha: Kabla ya nyundo, kagua mitutu! Ikiwa na michirizi ya mawimbi, ni ya vyuma vilivyosokotwa, na nyingi zilipimwa kwa baruti nyeusi ya zamani tu, si kwa nguvu ya risasi za leo. Pia chemba za zamani, yaani pale risasi inapokaa ndani ya mtutu, mara nyingi ni milimita 65, risasi za leo 70. Itaingia vizuri, ila mdomo wa ganda ukifunguka wakati wa kufyatua unakosa nafasi, shinikizo linapanda. Alama za upimaji za Birmingham, Uingereza, chini ya mitutu zitamwonyesha fundi ilipimwa kwa nini.

Muulizaji: Shikamoo mama, asante. Michirizi ipo. Risasi sinunui mpaka ipimwe. Fundi nimpate vipi Iringa?

FundiMzee: Waulize polisi wanaosimamia leseni yako.