Spea za mtumba za Japani na Dubai: zipigwe marufuku?

Mzalendo wa Tabata: Wadau, kila kukicha bandarini zinashushwa kontena za injini, gia boksi na vipande vya mbele vya magari yaliyokatwa Japani. Zipigwe marufuku. Wenzetu wanatutupia chakavu, nasi tunawalipa! Na Ilala kwenyewe, kwenye maduka ya spea, kumejaa vitu vya wizi.

Fundi Shauri Moyo: Hapo mwisho umenikosea adabu. Nauza spea Ilala na nyaraka za forodha ninazo. Ukiibiwa vioo vya pembeni Sinza, usije kunitukana mimi.

Mzalendo wa Tabata: Sijakutaja, mkuu. Lakini mjini hapa ukiibiwa taa usiku, asubuhi unaambiwa kazitafute wapi?

Binti Kilindini: Hata Nairobi wanasema hivyo hivyo kuhusu Grogan, soko lao la spea. Wizi ni kazi ya polisi, kontena imekosa nini? Huku Kenya gari likizidi miaka 8 haliingii, kwa hiyo yaliyopo tunayakarabati mpaka basi. Spea zikipigwa marufuku, tutayakarabati na nini?

Fundi Shauri Moyo: Waambie, dada. Injini mpya ya Toyota IST, ile 1NZ, kutoka kiwandani nani anaimudu? Mimi bora nikufungie iliyotoka kwenye gari lililogongwa nyuma kuliko mpya feki.

Mpemba Sharjah: Nipo huku Sharjah, jirani na Dubai, kwenye yadi ya spea. Msidanganyike, si kila kinachotoka huku ni cha Japani. Magari ya huku usukani uko kushoto, kwa hiyo dashibodi na stering raki (mtambo wa kugeuza magurudumu) zake kwenu hazikai. Na eabegi ya mtumba, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, msiiguse kabisa! Zile za kampuni ya Takata ya Japani zilirudishwa dunia nzima: kemikali yake inaharibika kwa joto na unyevunyevu, ikilipuka inarusha vipande vya chuma. Joto na unyevu, Dar mnavyo vyote.

Mzalendo wa Tabata: Ndicho ninachosema tangu mwanzo!

Fundi Shauri Moyo: Wapi? Tangu mwanzo unatuita wezi. Eabegi mimi siuzi, na anayeuza akamatwe.

Mzalendo wa Tabata: Haya, nyaraka zako zinataja namba ya injini?

Fundi Shauri Moyo: Injini, ndiyo. Taa haina namba, kaka.

Mzalendo wa Tabata: Basi hapo ndipo zangu zilipopotelea.